Kasha la kompyuta lenye kifuniko cha draivu kinachojifungua: namna ya kulitengeneza kwa mafundi wa hapa Mwanza

Siku zile mwezi unapoandama, jua likishaanza kulala, hutokea wingu juu ya ziwa. Mgeni huona moshi akadhani kuna mtumbwi unaungua kule mbele ya Jiwe la Bismarck. Mwenyeji anafunga madirisha na kuzima taa ya barazani. Ni wadudu wa ziwani. Hawaumi na wala hawaishi sana, lakini wakiona mwanga hawasikii la mtu, na asubuhi unawazoa kwa fagio kama makapi ya mpunga.

Ofisi yangu iko Kirumba. Ni stesheneri ya kawaida, tunachapa barua na kutoa kopi, ila riziki yenyewe inatoka kwenye video za harusi, kipaimara na kwaya. Kuna watu watauliza nani bado anataka DVD. Njoo ukae hapa Jumamosi moja. Mama anayetoka Ukerewe kumwozesha mwanawe ana deki yake nyumbani na hataki kusikia habari za kutumiwa linki. Anataka sahani mkononi, yenye picha ya maharusi juu yake. Kwa hiyo draivu ya DVD kwangu ni kama jembe kwa mkulima.

Draivu ya tatu ilipokufa ndani ya mwaka mmoja niliifungua. Lenzi ilikuwa na utando wa kijivu. Chini ya trei kulikuwa na miili mikavu ya wadudu, na wengine wamenasa kwenye grisi ya meno ya gia mpaka ikawa uji mzito. Niliposhika kioo cha lenzi kwa pamba yenye spiriti, pamba ilitoka na mabawa. Hapo ndipo nilipoamua kutengeneza kasha langu mwenyewe, lenye kifuniko mbele ya draivu.

Neno moja kwanza. Hilo boksi lenyewe wengi hapa huliita CPU. CPU ni prosesa, kile kidude kidogo kilichokaa chini ya feni. Boksi nitaliita kasha.

Anza na kifuniko, kasha litakifuata

Hapa ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Nilitengeneza kasha zuri, rangi safi, halafu nikatafuta pa kubandika kifuniko. Kilikuwa cha kuteleza juu na chini kwenye vipande viwili vya reli ya pazia ya aluminiamu. Kilipendeza. Wateja walikichezea.

Shida ni kwamba kifuniko cha kuteleza kinafunguliwa na mtu, na mtu husahau. Kijana wangu wa ofisini alikuwa akimaliza kuchoma DVD, programu yenyewe inatoa trei bila kumuuliza mtu. Trei inagonga kifuniko kwa ndani, inarudi. Anabonyeza tena. Inagonga, inarudi. Draivu nyingi zimeundwa zirudishe trei zikikutana na kizuizi, kwa hiyo haikuharibika siku hiyo. Iliharibika baada ya wiki kadhaa, sauti ya krr-krr, meno ya plastiki yamelika.

Nikalibeba kasha hadi Makoroboi kwa mzee mmoja fundi bati. Jina la mtaa huo limebeba koroboi, zile taa za kopo na utambi, na mzee huyu mikono yake bado inakumbuka kazi hiyo. Nikamwamkia, akaitikia, akalishika kasha, akasukuma kifuniko juu, akashusha.

"Mwanangu, mlango huu anafungua nani?"

"Mimi, mzee."

"Mbona anayetoka ni huyu wa ndani?"

Basi. Kila kipimo utakachokiona hapa chini kinatokana na swali hilo. Trei ndiyo inayotoka, kwa hiyo trei ndiyo ifungue, na nguvu yake ni ndogo. Kifuniko kinatakiwa kimpishe anayetoka, kisha kirudi chenyewe mahali pake bila kuitwa.

Hatua ya kwanza: pima draivu uliyo nayo

Usiamini jina. Draivu ya inchi tano na robo haina upana wa inchi tano na robo. Namba hiyo ilirithiwa kutoka kwenye zile disketi kubwa za zamani ambazo nafasi hiyo ilitengenezewa. Mwili wa draivu una upana wa milimita 146 na kimo cha kama 41. Uso wake wa mbele, ule wa plastiki, huwa mkubwa kidogo, karibu milimita 148 kwa 42. Urefu kwenda nyuma hutofautiana, nyingi ziko kati ya milimita 165 na 200, na nyuma yake unahitaji nafasi nyingine ya vidole viwili vitatu kwa ajili ya waya.

Sasa chukua rula ya chuma upime kitu ambacho watu hawakipimi: trei inatokea wapi kwenye uso ule. Kwenye draivu za mezani trei hukaa nusu ya juu, kitufe na kitaa hukaa chini. Yangu, upande wa chini wa trei uko milimita 20 kutoka ukingo wa chini wa draivu. Andika namba yako. Hiyo ndiyo inayoamua bawaba ikae wapi.

Kama una draivu nyembamba za laptopu, mwongozo huu haukuhusu sana. Trei yake inarushwa nje kidogo tu na springi, halafu unaivuta kwa mkono. Haina uwezo wa kusukuma mlango.

Hatua ya pili: bawaba iwe chini

Fikiria mlango wa nyumba. Ukiusukuma karibu na kitasa unafunguka kwa kidole, ukiusukuma karibu na bawaba unatoa jasho. Trei inasukuma sehemu ya juu ya kifuniko. Ukiweka bawaba juu, trei inasukuma karibu na bawaba, na tena kifuniko kinaulalia mgongo wa trei, na siku moja kitaikwangua sahani ya mtu. Ukiweka bawaba chini, trei inasukuma mbali na bawaba, kifuniko kinaanguka mbele, kinalala chini ya trei, na sahani inapita juu yake salama.

Kifuniko cha bawaba ya chini kina kasoro moja: kikianguka kimeanguka. Nani atakiinua? Wengi hutumia springi. Nilijaribu springi ya kalamu, ikawa ngumu mno, trei ikawa inarudi ndani kwa hofu. Nikajaribu sumaku, ikashika vizuri kikifungwa lakini haikunisaidia lolote kikiwa wazi.

Jibu nililikuta Mwaloni, kwenye nyavu. Chubwi. Kile kipande cha risasi kinachozamisha wavu. Kifuniko kikiwa na mkia unaoingia ndani ya kasha chini ya bawaba, na mkia ukawa na chubwi mwishoni, uzito ule unakirudisha kila mara. Hauchoki kama springi wala haushiki kutu.

Hatua ya tatu: kata kielelezo cha boksi

Kabla ya kugusa bati, chukua boksi la biskuti, wembe na gundi. Kata uso wa mbele wa kasha kwa vipimo halisi, toboa dirisha, pachika kifuniko cha boksi kwa uzi, panga vitabu nyuma ili draivu ikae kwenye kimo chake, iwashe. Utaona kwa macho trei inagusa wapi. Kielelezo cha boksi kilinionyesha kwamba mkia wangu wa kwanza ulikuwa unagonga tumbo la draivu ukiinuka. Ningeligundua hilo kwenye bati ningelia.

Hatua ya nne: dirisha na kifuniko

Hivi ndivyo vipimo vyangu. Namba za kwako zitapishana kidogo kulingana na draivu.

Dirisha kwenye uso wa kasha lina upana wa milimita 150 na kimo cha milimita 52. Draivu inakaa milimita 42 za juu. Zile 10 za chini ni njia ya mikia, usizibe. Draivu yenyewe iingie ndani kidogo, milimita 6 nyuma ya uso wa kasha, ili kitufe chake kisiguse kifuniko.

Kifuniko kinakaa nje ya uso, si ndani ya dirisha. Kina upana wa milimita 158 na kimo cha 56, maana yake kinalizidi dirisha milimita 4 kila upande na 4 juu. Faida ziko mbili: kinaziba vizuri kwa sababu kinaulalia ukingo, na ukingo huohuo unakizuia kisiingie ndani. Huhitaji kizuizi kingine.

Nilitumia aluminiamu ya unene wa milimita 1. Bamba jipya ni ghali ukitaka kipande tu, kwa hiyo nenda Mlango Mmoja utafute mfuniko bapa wa sufuria kubwa ya zamani. Kipande cha vipimo hivyo kina uzito wa kama gramu 24. Bati la chuma la unene huohuo lina uzito karibu mara tatu, na hapo chubwi nalo lazima likue, na mlango mzima unakuwa mzito kwa trei. Kwa hiyo chuma hapana.

Ukikata, ongeza milimita 10 upande wa chini kwa ajili ya mkunjo wa bawaba.

Hatua ya tano: bawaba ya spoku

Bawaba za dukani ni nene na zinakaza. Chukua spoku ya baiskeli, ile ya kawaida ina unene wa milimita 2, ipake grisi kidogo, kisha mpe fundi bati akunje ukingo wa chini wa kifuniko kuizunguka. Mafundi wa koroboi, ndoo na debe wanaujua mkunjo huo tangu zamani, ndio ule wa kuficha waya kwenye mdomo wa ndoo usikate mkono. Mkunjo uelekee nje, mbele, ili nyuma pabaki bapa kwa ajili ya mikia. Ukimaliza chomoa spoku, ifute, irudishe. Kifuniko kinatakiwa kizunguke juu yake kama gurudumu lililotiwa mafuta. Kama kinakwama mahali, mkunjo umebanwa. Uupanue kwa kuzungusha spoku yenyewe huku na huku, usiupige nyundo.

Spoku inashikwa na masikio mawili ya bati yaliyotoka kwenye uso wa kasha, moja kila upande, tundu la milimita 2 kila moja. Pinda ncha moja ya spoku ili isichomoke. Nyingine iache imenyooka: siku ya kusafisha unaichomoa na kifuniko chote kinatoka.

Mhimili wa spoku ukae milimita 10 chini ya tumbo la draivu. Usipunguze. Ukipunguza, mkia ukiinuka utagonga draivu, kama ulivyogonga kwangu.

Hatua ya sita: mikia na machubwi

Hapa nenda polepole.

Kata vipande viwili vya aluminiamu, kila kimoja upana wa milimita 12 na urefu wa 50. Vifunge kwa ribiti upande wa ndani wa kifuniko, kimoja karibu na kila mwisho, milimita 20 za juu zikiwa zimeshikana na kifuniko na milimita 30 zikining'inia chini ya mhimili. Mikia miwili ni bora kuliko mmoja wa katikati, kwa sababu mmoja hukipindisha kifuniko na upande mmoja unabaki na ufa.

Sasa pinda mikia kuelekea ndani ya kasha. Si sana. Ikining'inia wima kabisa, kifuniko kikifungwa chubwi liko chini ya mhimili moja kwa moja na halishiki kitu, kifuniko kinachezacheza feni ikiwaka. Ikilala mlalo kabisa, inashika sana kikifungwa, lakini kikifunguka chubwi linapanda juu na nguvu ya kurudisha inaisha pale pale unapoihitaji. Pinda kama digrii 30 kutoka kwenye wima. Kifuniko kikiangushwa na trei, mkia unainuka mpaka unakaribia mlalo, na hapo ndipo chubwi linavuta kwa nguvu zake zote. Springi yangu ya kalamu haikunipa tabia hiyo.

Uzito: jumla ya gramu 25 kwa mikia yote miwili, yaani kama gramu 12 na nusu kila mmoja. Mwanza si mji wa kukosa mizani ndogo, sonara yeyote anayepima dhahabu atakupimia chubwi lako huku akicheka. Lifunge kwa waya mwembamba kwanza, bila gundi, kwa sababu utalibadilisha. Na risasi ni sumu: usiikate kwa meno kama wavuvi wengine wanavyofanya, na unawe mikono kabla ya kula.

Kwa vipimo hivi hesabu inasema trei inahitaji kusukuma kwa nguvu ya kama gramu 10 tu kukifungua, ukiacha msuguano wa spoku. Ni kidogo sana, na ndivyo inavyotakiwa.

Chini ya draivu acha nafasi tupu ya milimita 45 ili mikia icheze. Usipitishe waya wowote pale. Waya ukilala juu ya chubwi, mlango wako umekuwa pambo.

Hatua ya saba: jaribio la chelewa

Chomoa chelewa moja kwenye fagio, kata urefu wa shubiri. Simama mbele ya kifuniko kilichofungwa, ingiza chelewa kwa nyuma kupitia nafasi ya draivu ambayo bado hujaifunga, sukuma pale trei itakapogusa. Kifuniko kifunguke kabla chelewa haijapinda. Ikipinda kwanza, kuna mahali panabana: angalia mkunjo, angalia masikio kama yamesimama sawa, na mwisho kabisa ndiyo upunguze chubwi.

Halafu fanya kinyume. Angusha kifuniko kwa kidole mpaka nusu ya njia na zaidi, uachie. Kirudi chenyewe na kufunga, bila kubamiza. Kikibaki kimelala, ongeza gramu mbili tatu. Kikirudi kwa kishindo, punguza.

Kikifanya yote mawili mara ishirini mfululizo, funga draivu, iwashe, tazama. Trei inatoka, kifuniko kinainama, ncha yake ya juu inaegemea tumbo la trei. Trei ikirudi, ncha inateleza nayo, halafu kifuniko kinainuka nyuma yake taratibu, kama mtu anayemsindikiza mgeni mpaka mlangoni. Bandika ukanda mwembamba wa felti kwenye ncha hiyo, upande wa ndani, la sivyo utasikia bati linakwaruza plastiki kila siku. Felti nyingine izunguke ukingo wa dirisha. Hiyo ndiyo inayomzuia mdudu.

Kitufe cha kutolea trei sasa kiko nyuma ya kifuniko. Unaweza kutengeneza kijiti cha kukibonyeza kupitia tundu. Nilianza, nikaacha. Nilikata kijipengo cha kidole upande wa kulia: unavuta kifuniko, unabonyeza, unaachia. Mara nyingi trei inatolewa kwa kompyuta yenyewe. Uzuri wa pengo hilo ni kwamba unafikia pia kile kitundu kidogo cha sindano kinachofungua trei umeme ukikatika na DVD ya mteja imebaki ndani. Na umeme utakatika.

Hatua ya nane: kasha lenyewe

Sasa ndiyo kasha. Nitapita haraka kwa sababu lenyewe si gumu.

Ushauri wangu mkubwa: sehemu ya nyuma usiibuni. Tafuta kasha bovu kwa mafundi, kata ukuta wake wa nyuma pamoja na bamba la kufungia mazabodi (ile bodi kubwa inayobeba prosesa), uvitumie vilevile. Pale pana dirisha la plagi la milimita 159 kwa 44.5, nafasi za kadi, matundu ya pawasaplai, na vyote vinatakiwa kukaa sawa kwa milimita. Mazabodi za ATX, kiwango cha kawaida cha kompyuta za mezani, zina mpangilio uleule wa matundu tangu kampuni ya Intel ilipoutoa mwaka 1995, kwa hiyo hata kasha lililozeeka bado litafaa. Mwenye grenda na subira anamaliza kukata kwa saa moja. Mwenye kujifanya mjuzi, wiki.

Langu ni la microATX, yaani ATX ndogo, mazabodi ya milimita 244 kwa 244. Kwa ndani kasha lina upana wa milimita 185, kimo 390 na kina 430. Pawasaplai ya kawaida, milimita 150 kwa 86 kwa 140, inakaa juu nyuma, na draivu ya DVD inakaa juu mbele. Hakikisha nyuma ya draivu na mbele ya pawasaplai panabaki pa kupitisha kiganja, maana waya zote hujazana hapo.

Bati liwe geji 20, unene wa kama milimita 0.9. La kuezekea, geji 28 au 30, ni jembamba mno, litavuma kama debe feni ikizunguka. Kukunja kwa mkono kwenye ukingo wa meza inawezekana lakini kona hazitoki kali. Ukizunguka Nyakato, eneo la viwanda vidogo vya SIDO, hukosi karakana yenye mashine ya kukunja bati. Peleka mchoro wa vipimo halisi uliochorwa kwenye kipande cha boksi la biskuti. Karatasi yenye namba tupu usipeleke: fundi ataweka mkunjo ndani ya kipimo na wewe uliumaanisha nje.

Kwa skrubu, kumbuka kuna aina mbili na hazibadilishani. Draivu ya DVD na diski za inchi mbili na nusu zinatumia M3, za meno madogo. Hadidiski kubwa ya inchi tatu na nusu na milango ya kasha hutumia zile nene zaidi za meno mapana. Ukiilazimisha nene kwenye tundu la M3, itaingia, na haitatoka.

Ile reli ya pazia sikuitupa. Kifuniko cha kuteleza nimekihamishia chini, mbele ya matundu ya USB na kisoma kadi. Pale hakuna kinachotoka chenyewe, mtu ndiye anayekuja na flashi yake, kwa hiyo mlango wa kufunguliwa na mtu ni sawa kabisa.

Hatua ya tisa: hewa

Ukiziba mbele, hewa itapita wapi? Weka feni ya milimita 120 chini mbele, inayovuta kuingiza ndani, na uache feni ya pawasaplai peke yake itoe. Hewa inayoingizwa ikizidi inayotolewa, kila ufa wa kasha utakuwa unapuliza nje, na vumbi na wadudu hawapati mahali pa kunyonywa. Ukifanya kinyume, kifuniko chako chote ni kazi bure, kwa sababu kasha litavuta hewa kupitia pembeni mwa draivu.

Mbele ya feni weka wavu wa dirishani kwenye fremu inayochomoka. Wavu unapunguza hewa, kwa hiyo tundu la mbele lifanye kubwa kuliko feni yenyewe. Tena huku tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar karibu sehemu moja ya kumi, na feni inabeba joto kidogo kuliko ilivyoandikwa. Mtu wa mizigo mizito, wa kuhariri video saa nzima, aongeze feni ya pili palepale mbele. Msimu wa wadudu wavu uoshwe kila wiki. Utatoka na tope la kijani lenye harufu ya ziwa.

Taa ya kuwaka mbele ya kasha nimeihamishia nyuma. Wadudu walikuwa wanaifuata.

Hatua ya kumi: ethi, kisha uwashe

Kasha la bati lililopakwa rangi linaweza kuwa na umeme bila wewe kujua. Kabla ya kufunga pawasaplai, kwangua rangi kwenye matundu yake ya skrubu mpaka bati ling'ae, ili mwili wa pawasaplai uguse mwili wa kasha. Fanya hivyo pia kwenye milango. Pima kwa mita, kutoka mguu wa ethi wa plagi hadi kwenye skrubu yoyote ya kasha: iwe karibu omu sifuri. Na plagi iwe ya miguu mitatu, kwenye soketi yenye ethi ya kweli. Wapo wanaochomeka kwenye ekstensheni ya miguu miwili kwa kusaidiwa na kijiti cha kiberiti. Umeme wetu ni volti 230, usiufanyie utani huo na kasha ulilolitengeneza mwenyewe.

Washa kwanza likiwa wazi, sikiliza. Ukisikia tik-tik ndogo mbele, ni chubwi linagusa ukuta wa ndani kwa mtikisiko wa feni. Bandika kipande cha sponji pale litakapogusa.

Langu sasa limepita misimu miwili ya wadudu. Draivu ni ileile. Felti ya juu ilibanduka masika iliyopita kwa unyevu, nikaibandika upya kwa gundi ya viatu, na hiyo imeshika.